Jina la Ukoo Wetu Limetoka Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Majina Adimu ya Mtwara na Lindi

Mimi ni mtu wa Newala, makazi yangu Mikindani. Kwa miaka mingi nimekuwa nikikusanya majina ya koo za kusini, kwanza ya kwetu, halafu ya majirani, na sasa ya kila anayeniuliza. Maswali haya nimeulizwa misibani, ghalani watu wakisubiri korosho zao zipimwe, na kwenye simu na vijana wetu walioko Dar es Salaam wanaotaka kujua wao ni akina nani. Nimeyajibu kwa kadiri ninavyoyafahamu.

Jina letu la mwisho nimelitafuta kila mahali, nimekuta ni familia yetu peke yake. Kwa nini ni adimu hivyo?

Kabla ya yote, tazama jina hilo lina umri gani. Kwa desturi yetu mtu huandikwa majina matatu: lake, la baba yake na la babu yake. Fomu ya kitambulisho cha taifa inauliza jina la kwanza, la kati na la mwisho, na wengi wetu tunajaza kwa mpangilio huohuo. Ukiufuata bila kukatiza, jina la mwisho linabadilika kila kizazi. La babu yako ndilo la mwisho kwako, la baba yako litakuwa la mwisho kwa mwanao.

Familia nyingi za kusini zilikwenda hivyo mpaka siku mtoto alipoandikishwa shule, au baba alipoajiriwa, na jina la mtu mmoja likaganda. Kuanzia hapo wajukuu na vitukuu wakalibeba, na leo tunaliita jina la ukoo. Ndiyo maana unalikuta kwenu tu. Ni jina la mzee mmoja aliyeishi labda miaka 80 au 100 iliyopita, na wote wanaolitumia ni uzao wake. Usilitafute kwenye habari za miaka 300 iliyopita, halitakuwamo. Mtafute yeye, huyo mzee, na kijiji alichokaa.

Kwa hiyo hilo silo jina la ukoo wangu wa kweli?

Ni jina lako halali na ni la heshima. Lakini kama watu wako ni Wamakonde, Wamakua, Wayao au Wamwera, basi ukoo wenyewe ulipita kwa mama. Wamakonde wanauita litawa, na zikiwa nyingi ni matawa. Wamakua wanasema nihimo, wengi mahimo. Wayao wanasema lukosyo. Mtoto alizaliwa ndani ya litawa la mama yake, na msimamizi wake mkubwa alikuwa mjomba, ndugu wa mama. Kwa Wamakonde na Wamakua, watu wa ukoo mmoja hawakuoana hata kama mmoja ametoka Tandahimba na mwingine Masasi na hawajawahi kuonana. Jina la ukoo ndilo lililowaambia kwamba ni ndugu.

Nitawaeleza nilivyolijua hili, maana nililisoma kwa mikono ya bibi yangu kabla sijalisoma popote. Nilikuwa kijana, nimekuja likizo. Bibi alikuwa amekaa ukumbini anabangua korosho, vidole vimekuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda, yale yanayochubua ngozi. Nikamuuliza, "Bibi, jina la ukoo wetu maana yake nini?" nikalitaja hili la mwisho ninaloandika mpaka leo. Akasema, "Hilo ni jina la babu yako. La ukoo hujaniuliza, mjukuu wangu."

Akaacha kubangua. Akachukua korosho moja akaiweka juu ya mkeka: "Huyu mimi." Ya pili akaiweka juu yake: "Mama yangu." Ya tatu, mama wa mama yake. Alifika ya saba bila kusita, kila moja na jina lake, na ile ya saba akaishika kidogo kabla ya kuiweka. Huyo, alisema, ndiye aliyepanda kutoka bondeni na mtoto mgongoni, akajenga juu huku, na maji akawa anashuka kuyachota kulekule alikotoka. Kisha akanitajia litawa letu. Nilikuwa na umri wa miaka 19 na nilikuwa silijui. Halimo kwenye cheti changu hata kimoja.

Kwa hiyo ukiniuliza asili ya jina adimu la kusini, nami nitakuuliza unataka asili ipi: ya jina lililoandikwa, au ya ukoo? Kwa watu wetu hizo ni njia mbili, na mara nyingi zinatoka pande mbili tofauti kabisa.

Mbona babu yangu na ndugu yake wa tumbo moja wana majina tofauti kabisa?

Mtu wa kusini alikuwa na majina mengi katika maisha yake. La kuzaliwa, mara nyingi likieleza hali ya siku ile: Tabu, Mashaka, Shida, Majaliwa. Kisha jando. Kijana akitoka kule alitoka na jina jipya, na la utotoni likaachwa; kumwita mtu mzima kwa jina lake la utotoni lilikuwa tusi. Akisilimu au akibatizwa, jina lingine. Akifiwa na mjomba na yeye akachaguliwa kukaa mahali pake, angeweza kurithi na jina la marehemu. Akienda kufanya kazi mbali, karani akamwandika anavyojua yeye.

Ndugu wawili wangeweza kuandikwa kwa majina ya hatua tofauti: mmoja la jando, mwingine la baba. Watoto wao leo wanajiona ni koo mbili. Nimekaa na familia moja huko Tandahimba iliyogundua jambo hili kwenye matanga, wazee wawili wakitaja makaburi ya mababu na kukuta wanataja yaleyale.

Jina letu linaanza na Nn. Wengine kwenye ukoo wanaandika N moja, wengine M. Lipi sahihi?

Hapa ndipo ufunguo wa majina mengi ulipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kiswahili kinasema mtu, mkulima, mzee, kwa m. Katika Kimakonde na Kimwera sauti hiyo ya mwanzo hujifananisha na konsonanti inayofuata, na kutamkwa kama silabi inayojitegemea. Mungu ni Nnungu. Mtu mkubwa, mkuu wa mji, ni nkulungwa, ambaye Kiswahili kinamwita mkulungwa. Sasa mtie karani wa pwani au wa bara aliyezoea Kiswahili, amsikilize mzee akitaja jina lake kwa sauti hiyo. Mmoja ataandika Nkulungwa, mwingine atalisahihisha kuwa Mkulungwa, wa tatu asiyeisikia ile n ataandika Kulungwa. Majina matatu kwenye daftari, mtu mmoja kwenye kigoda.

Hata watu maarufu limewapata. Yule kiongozi wa Wamakonde wa Msumbiji aliyekuwa Frelimo miaka ya 1960 anaandikwa Lázaro Nkavandame kwenye vitabu vingine na Kavandame kwenye vingine. Kwa upande wetu, n mbili za Nnauye, jina la Moses Nnauye na mwanawe Nape, bado zimesimama, na mtu wa kusini akiliona tu anajua limetoka upande gani wa nchi.

Sahihi ni namna wazee wenu wanavyolitamka. Unapotafuta ndugu, tafuta kwa maandishi yote matatu. Tafuta pia r na l kwa kubadilishana, maana makarani walizichanganya sana.

Jina linaanza na Chi. Je, sisi ni Wayao?

Chi haitoshi. Ipo kwa Wayao, kwa Wamwera na kwa Wamakonde wa Tanzania, ambao lugha yao wanaiita Chimakonde. Jambo la kuangalia ni Shi. Wamakonde wa uwanda wa Mueda, ng'ambo ya Ruvuma, wanaita lugha yao Shimakonde, na sauti hiyo inaingia kwenye majina yao. Kama tawi moja la ukoo linasema Chi na jingine Shi, ulizia nani alivuka mto, na lini.

Tumeambiwa asili yetu ni Msumbiji. Tutalitafutaje jina letu kule?

Mpaka wa Ruvuma waliukubaliana Wajerumani na Wareno mwaka 1886. Watu wa pande zote mbili walikuwa wakivuka kuoana, kuzika na kucheza ngoma kabla ya hapo, na wanavuka mpaka leo. Halafu vita ya ukombozi ilipoanza Septemba 1964, maelfu waliingia Mtwara, Lindi na Ruvuma kama wakimbizi. Baada ya uhuru wa Msumbiji, Juni 1975, wengi walirudi, wengine wakabaki na watoto wao wakazaliwa hapa. Zamani wenyeji waliwaita waliotoka kule Wamawia, na katika familia zingine neno hilo bado linakumbukwa kwa uchungu, kwa hiyo ulizeni kwa adabu.

Kule jina limeandikwa kwa Kireno. Sh yetu mara nyingi inakuwa x, ny inakuwa nh, k inaweza kuwa c au qu, na w inakuwa u. Kionga imeandikwa Quionga. Jina la Raimundo Pachinuapa, mpigania uhuru kutoka Cabo Delgado, sisi tungeliandika Pachinwapa. Andika jina lenu kwa njia hizo zote kwenye karatasi kwanza, ndipo utafute. Vijana wengi wamekata tamaa mapema kwa sababu walitafuta kwa tahajia ya Kiswahili peke yake.

Kuna familia tatu zina jina letu, Newala, Tunduru na Malawi. Ni ndugu?

Angalia kama lilikuwa jina la utawala. Kwa Wayao, jina la mkuu lilirithiwa pamoja na kiti: Mataka alipofariki, aliyekaa mahali pake akawa Mataka. Mkuu aliyeitwa Matola alikuwapo Newala siku za wamisionari wa mwanzo, na mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipopita Masasi na Newala akifanya utafiti, alimkuta Matola mwingine, katika kijiji cha Chingulungulu. Na kiti kilikwenda kwa mtoto wa dada. Kwa hiyo watu wawili wenye jina moja la kichifu wanaweza kuwa wajomba na wapwa, wala si baba na mwana, na wazao wao wa kuumeni wasiwe na damu moja ya baba hata kidogo.

Na majina ya maana ya jumla, kama Mkulungwa, yalizaliwa mahali pengi. Hayo hayathibitishi undugu.

Sisi ni wa Masasi, lakini jina letu halifanani na jina lolote la huku.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Waanglikana, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja kupitia Lindi. Nia ilikuwa kuwarudisha kuelekea Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walikamatwa. Walipofika Masasi wakaipenda nchi, wakatua. Humo mlikuwa na watu wa makabila mengi, waliotekwa wakiwa wadogo, wengine wasiokumbuka mji wao. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara wakaushambulia mji, wakachukua mateka tena. Jina lisilo na ndugu Masasi linaweza kuwa kipande pekee ambacho mtoto aliyetekwa alikuja nacho kutoka kwao. Likiwa limebaki, litunzeni lilivyo, hata herufi moja msiiguse.

Kwa familia zingine za kundi lile jina la ubatizo ndilo likashika nafasi ya jina la ukoo. Hapo jina halitakuonyesha asili. Ulizia mila: mnazikaje, mnakatazwa kula nini, mababu waliimba kwa lugha gani.

Jina letu ni la Kiarabu. Maana yake sisi ni Waarabu?

Si lazima. Majina kama Barwani ni ya nasaba na yana historia ndefu Lindi. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kama Rumaliza, alikuwa mtu wa huko. Lakini Hamisi, Saidi na Selemani ni majina ya dini, na yanapokaa mwisho wa jina ni ya babu tu. Zamani watu waliandikwa kwa bin na binti, na jina la kwao likafuata mwisho. Tazama Hassan bin Omari Makunganya, aliyepambana na Wajerumani Kilwa na kunyongwa mwaka 1895: la mbele la dini, la nyuma la nyumbani. Bin ilipoachwa, familia nyingi zilidondosha na lile la nyumbani. Muulize mzee wenu kama babu alikuwa na jina la nyuma.

Tumekuta jina letu Tanga, Zanzibar na hata Kenya. Limefikaje?

Kwa mkonge, hasa. Wanaume wa kusini walichukuliwa manamba kwenye mashamba ya Tanga na Morogoro, kila mmoja na namba yake, ndiyo asili ya neno lenyewe. Wengine walikwenda Unguja na Pemba kwenye karafuu. Wapo waliorudi na baiskeli na blanketi, wapo waliooa huko na hawakuonekana tena. Wamakonde wa Kwale, Kenya, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walikaa bila uraia kwa miongo mingi. Mwaka 2016 waliandamana kwa miguu mpaka Nairobi, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Baadhi ya majina tunayodhani yamekufa huku yako hai Kwale.

Mjomba wa mama yangu ni mmoja wa waliokwenda Tanga. Kule karani wa shamba alimwandika kwa jina la kijiji chake, akidhani ndilo jina lake. Uzao wake wote unabeba kijiji chetu kama ukoo. Tulipokutana nao, miaka 50 na zaidi baadaye, walikuwa hawajui kwamba hilo ni jina la mahali. Nilipowapeleka, wakasimama mbele ya kibao cha barabarani wakalisoma jina lao.

Basi jina la ukoo linaweza kutoka kijijini?

Ndiyo, na mara nyingi zaidi kijiji ndicho kilitoka kwa mtu. Mji wa zamani uliitwa kwa jina la mkulungwa wake, na mkuu akihama jina lilihama naye. Kusini kumejaa Na: Nachingwea, Nanyumbu, Nanyamba, Nangurukuru, Nandete, na majina ya watu vilevile. Ukikuta jina lenu ni la mahali pia, usiharakishe kusema mlitoka pale. Ulizia nani alitangulia. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwakusanya watu barabarani na miji mingi midogo ikaachwa, kwa hiyo jina mnalotafuta laweza kuwa sasa ni pori lenye miembe na mikorosho mizee. Wawindaji na wachunga mbuzi wanayajua mahame hayo kuliko ofisi yoyote.

Wapi nitapata maandishi?

Madaftari ya ubatizo na ndoa kwanza. Kwa Waanglikana ni Masasi na Newala. Kwa Wakatoliki, Wabenediktini walifika Lukuledi 1895, Nyangao 1896, na Ndanda 1906. Lukuledi na Nyangao zilichomwa wakati wa Majimaji, 1905. Daftari zuri la ndoa lina jina la baba, la shahidi, na kijiji. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zina vitabu vya wilaya vya wakati wa Waingereza, vyenye orodha za wakuu na habari za koo, na za UMCA ziko Oxford, Uingereza. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kitakusaidia kwa vizazi vya karibu tu.

Usiwasahau watani. Msibani mtani wa kweli anaujua ukoo wenu kuliko mnavyojijua, maana ndio anaoutania.

Ramani za majina zilizoko mtandaoni zinaonyesha jina letu liko Dar es Salaam. Ni kweli?

Zinaonyesha walipo wenye simu na vyeti leo. Asili hazionyeshi.

Kipimo cha DNA kitanisaidia?

Kuna jambo moja hapa linalonifurahisha sana. DNA ya mitokondria hupita kwa mama tu: bibi mzaa mama, mama, wewe. Ndiyo njia ileile ya litawa na nihimo. Jina lililoko kwenye kitambulisho linafuata baba, na kwa wanaume njia hiyo inafuatwa na kromosomu Y. Ukipimwa, jua unauliza habari za nani. Jina la ukoo kipimo hakilitaji.

Vyeti vyetu vina tahajia tofauti. Nibadilishe nirudishe jina la asili?

Kama tofauti inakukwamisha kwenye mirathi, pasipoti au mafao, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo au akuelekeze utaratibu wa kubadili jina. Kama haikukwamishi, mimi nisingegusa. Kosa la karani ni ushahidi pia: linaonyesha mzee alipita wapi na nani alimsikiliza. Andika jina la asili na la litawa kwenye daftari la familia, na wafundishe watoto yote mawili.

Nina bibi mzee sana. Nianzie wapi?

Nenda wiki hii. Nenda na sukari au chumvi, kaa chini, msaidie anachofanya. Usianze na jina la ukoo, atakupa lile la kwenye kitambulisho. Anza na mama yake aliitwaje, na mama wa mama yake, naye alizikwa wapi. Muulize walikuwa wanachota maji wapi. Kwetu juu, uwanda wa Makonde hauna mito, na kila mji ulikuwa na bonde lake la kushukia, kwa hiyo jina la kisima linakupeleka kwenye eneo lenyewe. Muulize nani hawakuruhusiwa kumwoa, na kwa nini. Andika matamshi yake kama yalivyo, na n zake zote, usimsahihishe. Akichoka, mwache, urudi kesho yake. Na ukifika kwa yule wa mwisho anayemkumbuka, muulize alitoka upande gani na alikuja amebeba nini.